Lori la rimoti: difu ya kati niliyochongesha Katwe, hatua kwa hatua

Gia46 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kutoka Kampala. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, leo naleta kazi yangu mezani.

Nina lori la rimoti la kipimo cha moja kwa nane, magurudumu yote manne yanavuta, kilo nne na nusu likiwa na betri. Mota haina brashi, 2000 KV (yaani mizunguko 2000 kwa dakika kwa kila volti moja), naiendesha kwa betri ya seli nne, volti 14.8. Nililinunua likiwa limetumika na halikuwa na difu ya kati, yaani kile kikombe cha gia kinachoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Mota inasukuma gia kubwa, na gia kubwa imekaa juu ya shafti moja inayokwenda moja kwa moja mbele na nyuma. Ekseli mbili zimefungwa pingu, zitake zisitake zizunguke sawa.

Kwenye nyasi huwezi kuona ubaya wake. Lipeleke kwenye murramu iliyoshindiliwa au lami ya maegesho, kata kona, utasikia matairi yanakwaruza na gari linarukaruka kama mbuzi aliyefungwa mguu. Nilikaa nikapiga hesabu. Kutoka ekseli hadi ekseli ni milimita 330. Magurudumu ya mbele yakipinda nyuzi 30, ekseli ya nyuma inachora duara lenye nusu kipenyo cha milimita 572, ya mbele milimita 660. Mbele inatembea asilimia 15 zaidi katika kona ileile! Kwa vile shafti haikubali tofauti hiyo, lazima kitu kingine kikubali: tairi liteleze, au jino la krauni (gia kubwa ya pembe iliyofungwa kwenye difu ya ekseli) lisalimu amri. Krauni ya nyuma imeninyokea meno mara tatu. Ya tatu ilinyoka mbele ya mwanangu, wiki ambayo nilikuwa nimemwahidi Jumapili nzima ya kucheza, na sitaki tena kumuona amekaa juu ya jiwe anashika rimoti ya gari lililokufa.

Kuagiza difu kamili kutoka nje kunawezekana, lakini mzigo unachukua wiki na gharama ya kusafirisha ilizidi bei ya kitu chenyewe. Nikaamua kuitengeneza hapahapa Kampala, kwa fundi wa mtaa wa Katwe.

Jambo lililonifungua macho ni hili: kwenye magari mengi ya moja kwa nane, difu ya mbele, ya kati na ya nyuma ndani ni kitu kimoja. Kikombe kilekile, gia za koni zilezile. Mbele na nyuma wamefunga krauni ya pembe kwa skrubu nne. Katikati, pale pa krauni, wamefunga gia ya meno yaliyonyooka. Kwa hiyo sikuwa na haja ya kuchonga vigia vya koni, kazi ambayo ingenishinda. Nilipata difu ya mbele ya gari lililokufa, krauni imekwisha lakini tumbo zima. Kilichobaki ni gia moja kubwa, vishikio viwili vya beringi, na mafuta.

Naendelea chini, simu inakaribia kuzima.

Dereva wa Malaba

Mkuu, nimekaa hapa. Mimi ni wa malori ya kweli, sio ya rimoti, lakini krauni kunyoka meno nakujua. Swali: kwa nini usiache vilevile ukapunguza nguvu ya mota tu?

Gia46

Kaka, nilijaribu. Nilishusha pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, kutoka meno 15 hadi 11. Joto likapungua, mwendo ukapungua, mkwaruzo ukabaki palepale, kwa sababu haukuletwa na nguvu. Umeletwa na ekseli mbili kudaiwa umbali sawa zinapopita njia zisizo sawa. Wewe mwenyewe unajua: Land Cruiser ya magurudumu manne ya muda wote ukiifungia difu ya kati kwenye lami kavu, usukani unakuwa mzito na gari linagoma kona.

Sasa tuingie kazini.

GIA KUBWA. Niliamua meno 46, moduli 1. Kwa asiyejua moduli: pima kipenyo cha nje cha gia, gawa kwa idadi ya meno ukiongeza mbili. Gia ya meno 46 yenye kipenyo cha milimita 48, 48 gawa kwa 48, moduli 1. Fanya hesabu hii kwenye pinioni yako kabla ya kutoa hata shilingi, maana kuna magari yanayotumia vipimo vya inchi, meno 32 kwa inchi moja ya kipenyo, ambayo ni sawa na moduli 0.79. Kwa macho utaona yanafanana. Ukiyakutanisha yatapiga kelele siku moja na kulana siku ya pili.

Chuma nilikitoa Kisenyi kwenye vyuma chakavu: kipande cha shafti ya kawaida ya mashine, si ekseli ya gari. Ekseli ya gari imeshapikwa (imekomazwa kwa moto) ngozi ya nje, itakula kisu cha fundi na mtagombana. Fundi wa Katwe alikikereza hadi milimita 48, unene milimita 5, na katikati akakitoboa tundu la kukaa juu ya mdomo wa kikombe cha difu.

Hapo kwenye tundu nataka mkae kidogo. Watu wengi hufikiri skrubu nne ndizo zinazoiweka gia katikati. Skrubu kazi yake ni kubana. Matundu ya skrubu yana nafasi, na gia ikihama hata robo milimita, upande mmoja meno yatabana na upande mwingine yatalegea, kila mzunguko, mizunguko maelfu kwa dakika. Gia inawekwa katikati na mdomo wa kikombe. Tulipima mdomo kwa vernia mara tatu, fundi akakereza tundu taratibu, akijaribisha kikombe kila baada ya kukwangua kidogo, mpaka kikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba bila kucheza. Tuliposimamisha saa ya kupimia pembeni ya gia, sindano ilitikisika sehemu tano za mia za milimita, yaani 0.05. Nilifurahi mno.

KUGAWA MENO. Mashine ya kuchonga meno ina kichwa cha kugawia. Ukizungusha mkono wake mara 40, kazi inazunguka mara moja. Meno 46 maana yake kila jino ni mizunguko 40 gawa kwa 46, ambayo ni 20 juu ya 23. Kwa hiyo unachukua sahani yenye duara la matundu 23 na kila jino unasogeza matundu 20. Kisu cha moduli 1 namba 6, ndicho cha meno 35 hadi 54, na kina cha kuchonga milimita 2.25.

Mara ya kwanza tuliharibu. Tulikuwa tunahesabu na tundu ambalo pini imo kuwa ni la kwanza, kwa hiyo tulisogea nafasi 19 badala ya 20. Hakuna aliyegundua, maana kila jino peke yake linaonekana zuri. Tulipofika la mwisho likabaki bonge la chuma lisilochongwa, upana wa karibu meno matatu. Fundi alilitazama, akafuta mikono, akaniambia "Ssebo (bwana), tuanze upya," na hakunitoza kazi ya pili, chuma tu. Safari hii tuliweka mikono miwili ya sahani ikumbatie nafasi 20, tukaacha kuhesabu kwa mdomo. Jino la 46 lilikutana na la kwanza kama vile halikuwa na mwanzo.

Fundi_Subaru

Nimeipenda hii. Swali la chuma: umekipika? Gia laini itaisha.

Gia46

Sikukipika, na nitakueleza kwa nini. Chuma hiki kinaweza kupikwa: unakipasha mpaka sumaku isikishike tena, kwenye nyuzi 770 hivi, unazidisha kidogo, unakitia kwenye mafuta, halafu unakirudishia moto mdogo kisiwe kama kioo. Lakini gia yangu ni duara jembamba lenye tundu kubwa. Vitu vya umbo hilo hupinda vikizamishwa, na ile 0.05 niliyoihangaikia ingepotea kwa sekunde moja. Nimeendesha betri zaidi ya 30 sasa. Meno yameng'aa, hayajachongoka. Pinioni ndiyo niliyoacha iwe ngumu, ya dukani, kwa sababu jino moja la pinioni hugusa mara tatu na nusu kila jino la gia kubwa linapogusa mara moja.

Bi Karakana

Hongera baba. Naomba picha ya vishikio vya beringi. Vyangu vya plastiki vilipasuka.

Gia46

Asante dada. Picha nitaweka nikishika simu ya mke wangu, kamera ya yangu ina ukungu. Kwa maneno: ni bamba la alumini la milimita 6, vipande viwili. Beringi ni 8 kwa 16 kwa 5, ya kawaida kwenye difu hizi. Siri ni moja: usitoboe kila kipande peke yake. Bana vipande viwili pamoja kama chapati zilizokunjwa, toboa matundu ya bolti kwanza, funga bolti, ndipo utoboe tundu la milimita 16 kwa pamoja, pigo moja. Hapo hata kama tundu limehama kidogo, yamehama yote mawili na beringi zitatazamana. Vipande vilivyotobolewa mbalimbali vinaipinda difu, beringi inapata joto, na utalaumu beringi bure.

Umbali kati ya shafti ya mota na katikati ya difu: jumla ya meno gawa kwa mbili mara moduli. Pinioni yangu sasa ni 13, kwa hiyo 46 na 13 ni 59, nusu yake milimita 29.5. Matundu ya mota nimeyafanya marefu ili niweze kusogeza nikibadili pinioni. Nafasi ya meno naipima kwa ukanda wa karatasi ya daftari: uupitishe katikati ya gia mbili, sukuma mota mpaka ibane, kaza, zungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjika kama feni na haijachanika, imekaa sawa.

Mwalimu wa Jinja

Mkuu nina ombi. Mimi si fundi, ninafundisha fizikia na nina wanafunzi wanaopenda vitu hivi. Unaweza kueleza ndani ya difu kunatokea nini? Wengi tunasema "inagawa nguvu" tukaishia hapo.

Gia46

Mwalimu, hili ndilo lililonifanya niandike uzi, nashukuru umeuliza.

Ndani ya kikombe kuna gia mbili za koni zinazotazamana, moja inatoka mbele, moja nyuma. Katikati yao kuna msalaba wa pini wenye vigia vinne vidogo. Gia kubwa inazungusha kikombe, kikombe kinabeba msalaba, msalaba unasukuma gia zote mbili. Njia ikiwa imenyooka, vigia vidogo havizunguki kwenye pini zake, vinasukuma tu. Kwenye kona mbele inataka kwenda haraka, vigia vinazunguka, mbele inapata ziada na nyuma inapungukiwa kiasi kilekile. Mwendo wa kikombe siku zote ni wastani wa hizo mbili.

Sasa nguvu ya kuzungusha. Difu tupu, isiyo na mafuta mazito, inagawa nusu kwa nusu kila wakati. Watu husema "inapeleka nguvu kwenye tairi lililo hewani", lakini hasa inachofanya ni kwamba haiwezi kumpa mmoja zaidi ya mwenzake. Tairi la mbele likiwa hewani halina cha kulipinga, linapokea karibu na sifuri, na wa nyuma naye anapewa karibu na sifuri hiyohiyo. Ndiyo maana lori langu la kwanza kabisa lenye difu laini lilikuwa likinyanyua pua kwa gesi, matairi ya mbele yanavimba kwa kasi hewani, na gari halisogei.

Dawa ni mafuta. Mafuta ya silikoni yaliyojaa kati ya vigia yanapinga tofauti ya mwendo. Kadiri mbele inavyotaka kuikimbia nyuma, ndivyo mafuta yanavyovuta mkono. Subaru zenye gia za mkono, ambazo hapa Kampala tunazisikia kila Ijumaa usiku, nyingi zina wazo hilohilo katikati: gia za koni pamoja na kikombe cha visahani na mafuta mazito ya silikoni. Wanafunzi wako wape difu mkononi. Mmoja ashike upande mmoja usizunguke, mwingine azungushe upande wa pili polepole, kisha haraka. Polepole itakubali. Haraka itakataa. Hakuna maelezo yanayoshinda hapo.

Dereva wa Malaba

Basi mimi ningetia gia oili ya 90, ninayo dumu zima.

Gia46

Usifanye hivyo ndugu yangu. Mafuta haya yanapimwa kwa sentistoksi, yaani jinsi yanavyogoma kutiririka. Gia oili ya 90 kwenye nyuzi 40 inacheza kwenye mia na kitu tu. Mimi natumia 30,000. Ukitia ya 90 ni kama hujatia. Grisi nayo imejaribiwa na wengi: inarushwa ukutani mwa kikombe, inaganda huko, vigia vinabaki vikavu.

UZITO WA MAFUTA. Hapa ndipo difu inapojengwa kwa kweli. Chuma kikishakaa sawa hukigusi tena. Mafuta utayabadili mpaka uzeeke.

Nilianza na 10,000. Kwenye kona lori lilikuwa tamu, lakini nikikanyaga gesi mbele panavimba, nyuma hapasukumi. Nikaruka hadi 100,000. Hapo linaondoka kama limepigwa teke, ila kwenye murramu kavu yenye vumbi juu linakataa kupinda, pua inateleza kwenda nje. Dukani hakukuwa na ya katikati. Nikachanganya nusu kwa nusu. Ukichanganya silikoni mbili sawa kwa sawa hupati 55,000; unapata kama kipeuo cha pili cha zao lake, na 10,000 mara 100,000 kipeuo chake ni 31,600 na kidogo. Kichupa nilikikoroga kwa spoku ya baiskeli, nikakiacha usiku kucha juu ya jiko lililopoa ili mapovu yapande. Asubuhi yalikuwa maangavu kama maji ya visiwa vya Ssese. Hayo ndiyo ninayotumia mpaka leo, difu ya mbele nimeweka 10,000 na ya nyuma 5,000.

Msimu wa mvua, murramu ikigeuka kuwa sabuni, ningeshuka hadi 15,000 au 20,000 ili ekseli zisigombane. Bado sijafanya.

Bi Karakana

Yangu inavuja kila ninapotia mafuta. Gasketi natengeneza kwa boksi la sukari.

Gia46

Dada, kuna mambo matatu na yote nimeyapitia.

Kwanza usijaze. Mimina mpaka pini za msalaba zifunikwe tu, simama hapo. Mafuta yakipata joto yanatanuka, na kama hayana pa kwenda yatatafuta mlango mwenyewe. Acha kikombe wazi nusu saa, mafuta mazito yanashuka polepole, kisha ongeza matone yaliyopungua.

Pili gasketi. Karatasi ya gasketi inauzwa kwa shiti soko la Kiseka. Mimi nilianza na ya nusu milimita, haikuvuja, lakini difu ikaanza kulia. Gasketi nene inakisukuma kifuniko mbali, na gia ya koni ya upande huo inaachana na vigia vidogo. Nikakata ya robo milimita, nikaongeza washa moja nyembamba nyuma ya gia. Jaribio langu: difu ikiwa imefungwa bila mafuta, zungusha kwa vidole. Isiwe na mahali pa kukwama, na ukivuta shafti nje na ndani iwe na mchezo mdogo sana unaousikia kuliko kuuona.

Tatu oringi za kwenye shafti. Chukua za mpira mweusi wa kawaida wa mafuta. Zile laini za silikoni, nyekundu au za maziwa, usitie: mafuta ya silikoni huvimbisha mpira wa silikoni. Nilipoteza wiki nzima nikibadilisha oringi hizo kabla ya kuambiwa na muuza sili mmoja palepale Kiseka, mzee wa watu, bila hata kununua kitu kwake.

Fundi_Subaru

Na breki? Kwenye gari kubwa difu ya kati inabadilisha breki.

Gia46

Inabadilisha hata hapa. Breki ya mota ya umeme inapita kwenye difu ileile. Zamani nikishika breki magurudumu manne yalikuwa yanafunga kwa pamoja. Sasa nyuma ikiwa nyepesi, kwa mfano kwenye mteremko, inafunga mapema na mbele inaendelea kuzunguka. Nilishusha breki kwenye kidhibiti mwendo kutoka asilimia 70 hadi 45, lori likatulia.

Na jingine kwa wanaoruka vilima: difu hii ya kati haina klachi ya kuteleza pigo linapozidi, hivyo toa gesi kabla magurudumu hayajagusa chini. Gurudumu linalozunguka kwa kasi likisimamishwa ghafla na ardhi, pigo lote linarudi kwenye krauni zilezile tulizotaka kuziokoa.

Mwalimu wa Jinja

Nimewapa difu mkononi leo. Ya gari la zamani la mpwa wangu, imejaa mafuta mazito sijui ya kiasi gani. Binti mmoja wa kidato cha tatu ameizungusha mara kumi, halafu akauliza: ikiwa nikishika kikombe chenyewe nikazungusha upande mmoja, kwa nini upande wa pili unarudi nyuma?

Gia46

Mwalimu, mwambie binti amefika mwenyewe kwenye ule wastani. Kikombe kimesimama, wastani ni sifuri, kwa hiyo mmoja akienda mbele mzunguko mmoja mwenzake lazima arudi nyuma mzunguko mmoja. Aweke alama ya chaki pande zote mbili ahesabu. Na kama mtakuja Kampala, nipigie ujumbe wa ndani humu. Yule fundi wa Katwe atawafungulia kile kichwa cha kugawia, nimeshamuuliza amekubali, Jumamosi asubuhi kabla kazi hazijamzidi.